Fundi Saa na Mifugo ya Nyamizi

Fundi saa wa sokoni kwetu hakuwa na saa mkononi. Miaka yote niliyouza uji pembeni ya meza yake sikuona hata alama ya mkanda. Ukimwuliza ni saa ngapi, ananyoosha shingo kuangalia kivuli cha nguzo ya kibanda changu, anakadiria, na mara nyingi anakosea kwa nusu saa. Mbele yake zimelala saa kumi na tano, kila moja inasema lake.

Nilimwambia, "Fundi, unatuaibisha. Nani atakuletea saa yake?"

"Mama Uji, mimi hizi saa nimezipasua tumbo. Ndiyo maana siziamini."

Alikotoka na alivyofika Mpanda sitaeleza, maana yeye hakueleza na mimi sikuwa na nafasi ya kuuliza. Nilikuwa na sufuria mbili za uji, watoto sita na miguu inayouma. Nilipopata kibanda pale nilimkuta, ameinamia meza, lenzi nyeusi imemkaa jichoni kama kifuniko cha chupa. Sisi wote tulimwita Fundi, naye aliitika.

Alikuwa mwembamba, na vidole vyake vilishika vitu ambavyo mimi sikuviona. Skrubu ikidondoka, soko lote linasimama. "Msikanyage!" anapiga kelele, na sisi tunasimama, mwingine mguu mmoja juu, mpaka aipate. Siku moja mgambo wa soko alikuwa anamfukuza mtu, wakapita hapo Fundi amedondosha skrubu. Mgambo akasimama. Aliyekuwa anafukuzwa naye akasimama. Skrubu ilipopatikana wakaendelea kukimbizana.

Mtu huyu alisema kweli mpaka ikawa kero. Mteja anakuja na saa ya zawadi, saa inang'aa, Fundi anaifungua, anaitazama, anaifunga. "Hii haiponi. Usinipe kitu. Kamvalishe mtoto." Anamwambia hivyo mbele ya mke aliyeileta hiyo zawadi. Nilimshauri aseme kwa upole. Akasema upole hauna kazi ndani ya saa. Mteja wa pili akija anarudia yaleyale. Nimeweka jambo hili mapema kwa sababu nitalirudia kwa uchungu: alikuwa mkweli kwa kila saa na kila mwenye saa, nilimshuhudia.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni swali lake. "Tofauti iko wapi?" Hilo ndilo lilikuwa swali lake asubuhi mpaka jioni. Wakija watu wawili na saa mbili za jina moja, rangi moja, yeye hafurahii kutengeneza, anafurahia kuzifungua zote mbili kwa pamoja. Ananiita niache uji nije nione. Hii ilitengenezwa iuzwe Uarabuni, meno yake ya chuma. Hii ilitengenezwa iletwe huku kwetu, meno yake ya plastiki. Kwa nje ni mapacha. "Unaona, Mama Uji? Walikaa wakafikiria huku kuna watu gani, na kule kuna watu gani." Mimi niliona meno tu. Lakini yeye aliandika kwenye daftari lake, kwa herufi ndogo kama mchwa, kila tofauti aliyoikuta.

Hata uji wangu aliulinganisha. Wa Sumbawanga alisema mzito zaidi, ulezi wao haujachanganywa na mahindi. Nikamwambia basi apande gari aende Sumbawanga kila asubuhi akanywe, atarudi jioni kufungua meza. Alicheka, akaongeza kikombe. Kucheka kwake kulikuwa kwa nadra, nilikuwa nakuhesabu.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, Nyamizi. Alimlea peke yake. Nyamizi alikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni wa kizungu waliokuja kwa mambo ya wakimbizi. Msichana mwepesi wa kazi na mwepesi wa ulimi, akipita sokoni anamtania kila mtu. Mimi aliniita Mama, lakini akinitania aliniita Mama Uji kama baba yake, na alikuwa akiuonja uji wangu kwa kidole bila kuomba. Nilishampiga kofi la mkono zaidi ya mara moja kwa hilo.

Mama mmoja wa kizungu aliporudi kwao alimwachia Nyamizi kimashine cha mkononi cha kuchezea, kikubwa kama kipande cha sabuni ya mche, na kikaseti chekundu ndani yake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Vitu hivyo Mpanda havikuwepo. Watu walikuja kukiangalia kama wanaangalia ndama mwenye vichwa viwili.

Mchezo wenyewe, kwa nilivyoelewa mimi niliyesomea darasa la watu wazima, ni hivi. Kuna kitoto kinatembea porini. Kwenye majani kinakutana na viumbe, wengine kama panya, wengine kama popo, wengine hawafanani na kitu alichoumba Mungu. Kinawakamata, kinawafuga, wanapigana na wa watu wengine, wanakua, wanabadilika maumbo. Na kila unayemkamata unaweza kumpa jina. Fundi, ambaye kwao walikuwa na ng'ombe, aliwaita mifugo. "Nyamizi, mifugo imeshinda salama?" "Imeshinda, Baba. Mmoja anachechemea."

Halafu Nyamizi akaanza kuumwa. Ni ule ugonjwa wa miaka ile ambao tuliuzunguka kwa maneno. Aliacha kazi, akalala kwenye chumba cha baba yake huko Nsemulwa, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mwanamume hawezi kumwogesha binti yake, basi nilikwenda mimi. Asubuhi kabla ya uji na alasiri baada ya uji. Nilimgeuza, nikampaka mafuta, nikambadilishia shuka, na yeye wakati wote anashikilia hicho kimashine kifuani. Betri zikiisha tulizianika juu ya bati zipate jua, zinaamka kidogo, anacheza kidogo, zinakufa tena.

Mifugo yake aliipa majina ya watu wa Mpanda. Popo mmoja mkubwa, msumbufu, alimwita Mwenyekiti. Kiumbe mmoja mnene, aliyekuwa amelala tu haamki, kazi yake ni kuziba njia, alimwita Mama Uji. Nilipoonyeshwa nilinuna.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe, Mama. Ana nguvu kuliko wote. Ila ukimwamsha amekasirika."

Nikamwambia akipona nitamchapa. Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa kuliko uso, na bado ananicheka.

Alifariki kiangazi, mwezi wa baridi ile ya asubuhi. Tukazika. Fundi alirudi mezani siku ya tano. Mfukoni mwa shati, upande ambao wanaume wengine wanaweka kalamu, akawa na kimashine.

Hakukicheza. Kila asubuhi alikiwasha, akafungua pale penye orodha, akasoma majina yote taratibu, midomo ikitembea, akakizima. Nilimwuliza mbona hachezi. Akasema akicheza atawabadilisha, na yeye anataka wabaki alivyowaacha mwenyewe. Hapo nilimwelewa. Hata mimi kanga ya marehemu mama yangu nilikaa nayo miaka bila kuifua.

Sasa niseme habari ya Mjapani. Hawa Wajapani huja kwetu kuangalia sokwe, wanakaa msituni miezi. Huyu alikuwa anakwenda upande wa Ugalla, gari lao likaharibika, akakaa mjini siku nne akisubiri kipuri. Saa yake ilikuwa imeingia maji. Alipofika mezani alitusalimu kwa Kiswahili kizuri kuliko changu, akainama kwa Fundi, akainama kwangu, nikajikuta na mimi nimeinama na mwiko mkononi. Halafu akaona kile kimashine mfukoni, akaanza kucheka kwa furaha. Na yeye alikuwa nacho, cha mwanawe, alikibeba kwa ajili ya siku za mvua. Kikaseti chake kilikuwa cha kijani, na maandishi ya kwao, yale kama nyayo za kuku.

Siku hizo nne sikumwona Fundi akigusa saa. Waliweka vimashine viwili kwenye meza, ubavu kwa ubavu, wakawa wanatembea njia ileile kwa pamoja, wanalinganisha. Fundi kwa ajili hiyo alikubali kuanza safari mpya kwenye cha Nyamizi, lakini kwa kusogea tu, na kila mara anazima bila kuhifadhi ili kisibadilike kitu. "Tofauti iko wapi?" anauliza, na Mjapani, ambaye naye alikuwa mtu wa kuhesabu vitu vidogo, anajibu.

Tofauti zilikuwepo. Kwenye cha Kijapani picha za viumbe zilichorwa vibaya zaidi, wengine wamekunjamana kama wametoka kuzaliwa. Majina ya viumbe karibu yote yalibadilishwa yalipopelekwa Uzunguni, machache sana yakabaki. Jina unalompa mfugo wako kwa Kijapani haliwezi kuzidi herufi tano. Kwa Kiingereza unaruhusiwa kumi. Fundi akahesabu kwa kidole: Mwenyekiti ni kumi kamili. "Angekuwa Ujapani," alisema, "mwanangu angemkata Mwenyekiti katikati." Na wapo viumbe wa kwenye chekundu ambao kwenye kijani hawapatikani kabisa, na wa kijani ambao kwenye chekundu hawapo, ili watu watafutane, waunganishe vimashine kwa waya, wabadilishane.

Lakini kubwa kuliko zote ilikuwa ya mzee aliyelala njiani. Kuna mahali kitoto kinataka kupita, mzee amelala katikati ya barabara.

"Kwangu mimi," alisema Mjapani, "mzee amelewa. Amekunywa, ameanguka, anazuia watu."

Fundi alisoma Kiingereza polepole. "Hapa anasema hajanywa kahawa yake ya asubuhi."

Nikasogea. "Ni mzee huyohuyo?"

"Huyohuyo, Mama. Amelala palepale," alisema Mjapani.

"Basi wamemsingizia kahawa. Mtu hajanywa kahawa ndiyo alale barabarani? Huyo amelewa, semeni kweli."

Mjapani alicheka mpaka akavua miwani. "Mama, waliona watoto wa kule wasionyeshwe mlevi."

"Na wa kwenu?"

"Wa kwetu wanawaona nyumbani."

Fundi naye alicheka. Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza. Akaandika kwenye daftari habari ya mlevi na kahawa, ikajaza ukurasa mzima.

Nimesema alikuwa na daftari. Tofauti zote za kaseti mbili aliziandika, mpaka rangi ya vifuniko. Majina ya mifugo ya binti yake hakuandika hata moja. Nilimwambia, "Fundi, yaandike na hayo." Akaniangalia kama nimemtukana. "Yapo ndani," alisema. "Ameyaandika mwenyewe. Mimi niyaandike ya nini?" Mtu aliyeandika meno ya plastiki ya saa za watu. Sikumwelewa hapo, na mpaka leo nikifikiria nachoka.

Siku ya nne, kabla gari halijapona, Fundi alimwuliza Mjapani kaseti inakumbukaje ikiwa imezimwa. Mjapani akamwambia ndani yake kuna kibetri cha duara, kama cha saa. Kikiisha, kila kitu kinafutika.

Nilimwona Fundi akiweka kikombe chini. Vibetri vya duara alivijua. Alivibadilisha kila siku. Vingine kwa joto letu havimalizi mwaka. Na hiki hakikubadilishika, maana ukikitoa tu, hata kwa kupepesa jicho, majina yamekwenda. Kuanzia hapo akawa mtu anayesikia maji yanavuja na haoni tundu. Kila asubuhi anawasha, akiona majina yapo anashusha pumzi. Mimi nakoroga uji, na mimi nashusha pumzi.

Mjapani alipoondoka alimwachia kimashine chake mpaka atakaporudi kutoka msituni, na waya wake. Niliwaona wakisemezana pembeni, Mjapani akionyesha waya, Fundi akitikisa kichwa kukubali. Sikusikia walichosema. Nilikuwa nahudumia watu.

Fundi akapata shauri. Awahamishe. Amtoe mfugo mmoja kwenye kaseti ya Nyamizi, avuke kwa waya mpaka kwenye ya Mjapani, halafu mwingine, mpaka wote wawe upande wa pili, kule kibetri kikiwa kizima. Wiki mbili alikamata panya wasio na maana kwenye ile ya kijani ili awe na wa kubadilisha nao. Kwa sababu ni kubadilishana, lazima watu wawili, kila mmoja na kimashine chake, na wote wabonyeze.

Akaniita mimi.

"Fundi, mimi sijui hivyo vitu. Tafuta kijana."

"Kijana atacheza. Wewe huchezi. Na wewe ulimwogesha."

Nikaenda. Ilikuwa saa nne asubuhi, watu wa uji wamepungua, sufuria ya pili iko motoni. Tukakaa, waya katikati yetu. Akanipa cha Mjapani, akaniwekea dole gumba kwenye kitufe. "Usiguse mpaka niseme." Wa kwanza angekuwa Mwenyekiti. Akachagua. Kwangu akachagua panya. Akafuta jasho. Soko lilikuwa limenyamaza kama skrubu imedondoka.

Uji ukapanda. Nikasikia unamwagikia moto, tss, nikageuza kichwa, na dole gumba likabonyeza.

"Bado!" alisema.

Kulikuwa na muda mfupi ambao hakikutokea kitu. Halafu vimashine vyote vikaanza kujaa alama. Siyo Kiingereza, siyo nyayo za kuku, ni vipande vipande, kama mkeka uliokatwakatwa na panya. Vikatoa mlio. Fundi akazima. Akawasha. Zamani ukikiwasha cha Nyamizi kilikuwa kinakuuliza uendelee au uanze upya. Sasa kilikuwa na neno moja tu, anza upya.

Alikizima na kukiwasha mara nyingi, sikuhesabu. Halafu akakiweka mezani, akasema bila kuniangalia, "Nilikuambia usubiri."

Hayo tu. Hakupiga kelele, hakunitukana. Angetukana ningejua la kujibu. Nilikwenda nikaondoa uji kwenye moto, ulikuwa umeungua, nikaumwaga.

Watu wa soko walikuwa wanatazama. Kufika jioni habari ilishafika Nsemulwa: Mama Uji amefuta mifugo ya marehemu. Walisema kwa kicheko, wengine kwa kulaani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza dagaa mbele yangu alinitania wiki nzima, "Mama Uji, usiniguse, nitafutika." Fundi alisikia yote. Alikuwa amekaa hapohapo. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Mjapani aliporudi alivichukua vimashine vyote viwili akavitazama kimya. Akainamisha kichwa kwa Fundi, akakaa hivyo mpaka nikaona aibu ya kutazama. Hakuuliza ilikuwaje. Akaondoka na chake, na kwangu akainama pia. Sikuinama. Nilijiona sistahili.

Mvua zilipoanza Fundi akafunga meza. Tulisikia amekwenda Kasekese kwa ndugu yake, kulima. Mtu wa vidole vile akashike jembe. Hakuniaga. Nafasi yake akaja mtu wa viatu.

Mimi nikaendelea kuuza uji. Nimezaa, nimezika, nimelea wajukuu, lakini kile kidole hakikunitoka. Nikikoroga nakiona. Nilikuwa nikijiambia ni chombo cha kuchezea tu, Fundi ni mtu mzima, alitegemea nini. Maneno hayo yalifanya kazi mchana, nikiwa na watu. Nikiwa peke yangu nilijua kuwa Nyamizi aliacha vitu vitatu duniani, nguo, sufuria moja na yale majina, na kimoja nimekifuta mimi kwa sababu ya uji.

Miaka ilipita. Binti yangu mdogo akaolewa Kasekese, akajifungua, nikaenda kumwogesha mzazi. Nikakaa wiki tatu. Wiki ya mwisho nikasikia kwenye mashine ya kusaga wanamtaja mzee mmoja anayekataa kuambiwa saa. Nikajua.

Nilimkuta ameketi kwenye gunia mbele ya nyumba, anapukuchua mahindi. Vidole vimekuwa vinene, kucha zimepasuka. Akainua kichwa.

"Mama Uji."

"Fundi. Shikamoo sitoi, sisi ni wa rika moja."

"Wewe ni mkubwa."

"Huku umejifunza uongo." Akanisogezea gunia, nikakaa. Nikachukua gunzi na mimi nikaanza kupukuchua, maana siwezi kukaa na mikono mitupu. Tukaulizana watoto, mvua, nani amekufa. Halafu nikaona nikichelewa sitasema.

"Fundi, nimekuja kukuambia kitu. Siku ile nilibonyeza kabla hujasema. Nilikuwa natazama uji. Sikukuomba msamaha. Nimechoka nacho, ndiyo nakuomba sasa."

Akaacha mahindi.

"Mjapani aliniambia," alisema.

"Alikuambia nini?"

"Siku anaondoka. Alinionyesha waya akaniambia, nakuachia utazame tu, usiunganishe chako na changu. Hiki kimetengenezwa kwetu na hiki kimetengenezwa kwa watu wengine, ndani havielewani, vitaharibiana. Nikamwitikia, ndiyo."

"Ukaunganisha."

"Mimi ni fundi, Mama Uji. Nilijua kila tofauti ya vitu vile. Nilikuwa nimeijaza kwenye daftari. Nikasema, waya ni waya, mimi nitaweza." Akapukuchua punje moja, ikaanguka. "Hata ungesubiri mpaka jioni ndiyo ubonyeze, ingekuwa vilevile."

Nikaacha kupukuchua. "Na ulisema uliniambia nisubiri."

"Nilisema."

"Mbele ya soko zima."

"Niliona kidole chako kimeshuka," alisema, "na nikashukuru."

"Ulishukuru?"

"Nilimshukuru Mungu. Nilisema, basi siyo mimi. Halafu sikuweza tena kukutazama, ndiyo nikaja huku."

Miaka yote hiyo. Yule mama wa dagaa na mzaha wake. Nilitaka kumpiga na gunzi, na nililishika vizuri kabisa, lakini nilipomtazama nikaona mzee mwenye kucha zilizopasuka, na mkono wangu wenyewe ulikuwa unauma begani tangu asubuhi.

"Ungeniambia siku ile," nilisema, "ningekupiga, ikaisha."

"Nipige sasa."

"Sasa sina nguvu. Umechelewa, kama kawaida yako."

Tukakaa. Kuku walikuja kuokota punje, hatukuwafukuza. Nilikuwa na lori la kurudi mjini mchana ule, mizigo yangu ilikuwa tayari imefungwa kwa binti yangu. Nikajua nikiinuka hivihivi basi, tumemalizana vibaya.

"Yule wa kwanza tunamjua," nilisema. "Popo."

Hakunielewa mara moja. Halafu akakohoa. "Mwenyekiti."

"Na yule mnene ni mimi. Nani mwingine?"

"Kulikuwa na Karani," alisema polepole. "Kobe."

"Karani alikuwa panya."

"Kobe, Mama Uji. Niliyasoma kila asubuhi."

"Ulisoma majina, Fundi. Mimi nilionyeshwa nyuso. Nilikuwa namgeuza upande wa ukutani, ananiambia, Mama, mwangalie Karani anavyotafuna. Kobe hatafuni hivyo. Panya."

Akafikiri. "Basi panya. Na Mchumba?"

"Samaki. Alimwita Mchumba kwa sababu kila akimkaribia anakimbia."

Hakuwa akijua hilo. Alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja, nikamwacha. Alipovitoa akasema, "Sista. Kulikuwa na Sista." Nikasema Sista alikuwa ua lenye miguu, na alikuwa mkali. Akasema Treni. Nikasema nyoka. Akabisha. Tukagombana juu ya Treni kwa muda mrefu.

Tulifika majina tisa. Walikuwa zaidi ya ishirini. Lori likapiga honi barabarani, likapiga tena, nikaliacha liende.